KUMFUNDISHA KOBE KUCHORA
Mazoezi ya michoro ya kompyuta kwa watoto wa shule, na jinsi ya kuyaanza uani bila mashine yoyote

Mtoto wa darasa la tano akiulizwa habari za pembetatu yenye pande sawa, hujibu bila kusita kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60. Jawabu ni sahihi, na mwalimu hulitia alama ya vyema. Lakini mtoto huyo huyo akiambiwa atembee juu ya mistari ya pembetatu hiyo iliyochorwa uani kwa chaki, kisha aseme amegeuka kiasi gani alipofika kwenye kona, mara nyingi husimama kimya. Alichokikariri na kilichotendwa na miguu yake havifanani, kwa maana kwenye kila kona amegeuka nyuzi 120.

Tofauti hiyo baina ya kukariri na kutenda ndiyo iliyozaa mazoezi yanayoelezwa katika makala hii, yaani mazoezi ya kuchora maumbo na nakshi kwa kuiandikia kompyuta maagizo. Wazazi wenye kompyuta nyumbani, au ambao watoto wao huitumia shuleni, wamekwisha kuona kioo kikijaa maua na nyota za kila rangi. Inapendeza kutazama. Hata hivyo, yafaa kuuliza kama mtoto aliyelichora ua lile amelitengeneza au amelinakili tu kutoka kitabuni. Maagizo ya ua zuri lenye miraba 36 hayazidi mstari mmoja. Kuyanakili ni kazi ya nusu dakika, na mwenye kunakili hapati ila picha.

KOBE ALITOKA WAPI

Mchoraji katika mazoezi haya huitwa kobe. Kwenye kioo cha kompyuta huonekana kama alama ndogo, aghalabu pembetatu au mshale, naye hajui ila mambo mawili: mahali alipo na upande anakoelekea. Hana habari ya juu wala chini, kaskazini wala kusini. Akiamriwa kwenda mbele, huenda huko anakoelekea, na kalamu aliyoiburura nyuma yake huacha mstari. Akiamriwa kugeuka, hugeuka pale pale aliposimama.

Jina lake lina historia. Mwaka 1948 na 1949 mtaalamu wa ubongo W. Grey Walter, akifanya kazi Bristol, Uingereza, aliunda mashine mbili ndogo za magurudumu matatu, akaziita Elmer na Elsie. Zilitambaa sakafuni zikiufuata mwanga, na kwa kuwa zilikuwa na gamba mgongoni na mwendo wa polepole, watu waliziita kobe. Miaka iliyofuata wataalamu wengine walilichukua jina hilo kwa kazi ya namna nyingine.

Lugha ya kwanza ya kompyuta iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo, ilianza mwaka 1967 mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Waliohusika ni Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Bi. Cynthia Solomon. Mwanzoni ilikuwa lugha ya kuchezea maneno na sentensi, na kobe hakuwamo. Aliletwa miaka michache baadaye, akiwa kobe wa vyuma aliyefungwa kwa waya kwenye kompyuta, akitembea juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni na kalamu tumboni mwake. Vioo vya kompyuta vilipoenea, kobe wa sakafuni alihamia kiooni, na ndiko anakoonekana zaidi hadi leo.

Papert alikuwa mwana wa Afrika. Alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasomea hisabati Johannesburg, akaupinga ubaguzi wa rangi wa nchi yake kabla ya kwenda Ulaya. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa elimu ya makuzi ya akili ya mtoto, kisha akahamia Chuo Kikuu cha MIT. Katika kitabu chake kiitwacho Mindstorms, kilichotolewa mwaka 1980, alilalamika kwamba katika shule nyingi kompyuta humwamuru mtoto: humuuliza swali, humsahihisha, humuuliza jingine. Alitaka mambo yageuzwe, mtoto awe ndiye mwalimu na kompyuta iwe mwanafunzi. Mwaka 1982 alishiriki jaribio lililopeleka kompyuta kwa watoto wa shule Dakar, Senegal. Alifariki mwaka 2016.

ZOEZI LA KWANZA NI LA MIGUU

Watoto wawili, kipande cha chaki au kijiti, na ua uliofagiwa vinatosha. Mtoto mmoja huwa kobe na wa pili huwa mwenye kuamuru. Kobe haruhusiwi kufikiri. Hutii amri nne tu: mbele hatua kadhaa, nyuma hatua kadhaa, kulia nyuzi kadhaa, kushoto nyuzi kadhaa. Mwenye kuamuru hutakiwa amfanye kobe atembee mraba.

Huonekana rahisi mpaka linapoanza. Mwenye kuamuru husema, "Nenda pale." Kobe hajui pale ni wapi. Husema, "Geuka." Kobe husimama, kwa maana hakuambiwa kulia au kushoto, wala kiasi gani. Baada ya kona mbili kobe huwa anamjia mwamuru uso kwa uso, na hapo ndipo kicheko huanza, kwani mkono wa kulia wa kobe umekuwa upande wa kushoto wa mwamuru, na kobe mtiifu hupotelea kwenye kibanda cha kuku. Mzazi asiharakishe kusahihisha. Amwache mtoto mwamuru agundue mwenyewe kwamba ni lazima asimame nyuma ya kobe, au ajitie moyoni kuwa yeye ndiye kobe. Papert aliuthamini sana uwezo huo wa kulitatua swali la jometri kwa kuuliza, "Kama ningekuwa mimi ninayetembea, ningefanya nini?"

Nyuzi nazo hazihitaji kipimapembe. Ichorwe ardhini duara kubwa yenye namba kama za saa ya ukutani, kobe asimame katikati. Kutoka namba 12 hadi namba 1 ni nyuzi 30. Hadi namba 3 ni nyuzi 90. Hadi namba 4 ni nyuzi 120. (Zisomwe namba zenyewe, si saa, maana Mswahili akiona 12 husema saa sita, na mtoto atachanganyikiwa bure.) Akigeuka mpaka akarudia namba aliyoanzia, amekamilisha nyuzi 360. Namba hiyo na ikumbukwe, kwa sababu karibu kila kitakachofuata kinatoka humo.

KOSA LA NYUZI 60

Mraba ukishatembewa, uandikwe. Kwa lugha ya kobe huandikwa hivi:

MBELE 100 KULIA 90 MBELE 100 KULIA 90 MBELE 100 KULIA 90 MBELE 100 KULIA 90

Mtoto asiye mvivu atachoka kuandika jambo moja mara nne, na uchovu huo una faida, kwa kuwa humfanya aione haja ya neno la tano, nalo ni RUDIA:

RUDIA 4 [MBELE 100 KULIA 90]

Kilichomo ndani ya mabano hutendwa mara nne. Sasa mtoto aombwe pembetatu ya pande sawa. Karibu kila mtoto huandika:

RUDIA 3 [MBELE 100 KULIA 60]

Kobe hutii, na kinachotokea kiooni si pembetatu. Ni mistari mitatu iliyojikunja kidogo, kama bakuli lililolazwa ubavu, na ncha zake mbili ziko mbalimbali. Hapa ndipo thamani ya zoezi zima ilipo, na hapa ndipo wazazi na walimu wengi wanapoiharibu kwa wema wao. Humwambia mtoto, "Weka 120." Mtoto huweka 120, pembetatu hutokea, wote hufurahi, na hapana kilichojifunzwa.

Afadhali mchoro ule mbaya usifutwe. Mtoto aulizwe kobe alikuwa akielekea wapi alipofika mwisho wa mstari wa kwanza, na alihitaji kuelekea wapi. Achukue rula, aurefushe mstari wa kwanza kupita kona, aone kwamba kobe hageuki kwa kipimo cha pembe iliyomo ndani ya pembetatu. Hugeuka kwa kipimo cha pembe ya nje, kati ya njia ambayo angeifuata kama asingegeuka na njia mpya. Pembe ya ndani ni 60. Ya nje ni 180 kutoa 60. Kisha aulizwe swali ambalo watoto hulipenda: bakuli hili lililoharibika ni nusu ya kitu gani? Akiongeza RUDIA kutoka 3 hadi 6, bakuli hujifunga na kuwa pembesita kamili. Kosa lilikuwa umbo jingine lililokatishwa njiani.

Baada ya mraba wa nyuzi 90 mara 4, pembetatu ya 120 mara 3, na pembesita ya 60 mara 6, mtoto aachwe azidishe mwenyewe. Kila mara hupata 360. Kobe aliyetembea umbo lolote la kawaida na kurudi alipoanza, akielekea alikokuwa akielekea, amegeuka mzunguko mzima. Kwa hiyo pembetano ni 360 gawanya kwa 5, yaani 72, na pembenane ni 45. Hapana haja tena ya kukariri jedwali la pembe. Harold Abelson na Andrea diSessa waliitungia jambo hili kitabu kizima kilichotoka mwaka 1981, nacho huanza na kanuni hii ya safari kamili ya kobe, kisha hupanda hadi hisabati za chuo kikuu.

Ikumbukwe kwamba mashine nyingi hutarajia amri za Kiingereza. Hilo si kizuizi. Katika Logo, na vilevile katika lugha ya Python, mtu aweza kuifundisha kompyuta kwamba MBELE maana yake ni amri yake ya kwenda mbele, na kazi hiyo ya mistari michache yenyewe ni zoezi zuri. Kwa njia hiyo hiyo mtoto huifundisha neno MRABA, na tangu hapo haandiki tena habari za pande na kona.

MAUA NA DUARA

Neno MRABA likishajulikana, maua huja kwa urahisi:

RUDIA 12 [MRABA KULIA 30]

Miraba kumi na miwili hupandana kuzunguka nukta moja, na katikati hutokea nakshi ambayo mtoto hakuiagiza. Jambo la kusisitiza ni kwamba 12 mara 30 ni 360. Mtoto akitaka miraba 36 na atafute mwenyewe nyuzi zake kabla ya kugusa kibodi. Maua hayana mengi zaidi ya hayo, na haifai kuyakalia juma zima kwa sababu tu ni mazuri.

Duara ina zaidi. RUDIA 360 [MBELE 1 KULIA 1] humfanya kobe azunguke duara, au tuseme umbo la pande 360 ambalo jicho haliwezi kulitenga na duara. Mzingo wake ni hatua 360. Sasa mtoto aombwe duara itakayoenea barabara ndani ya mraba wa hatua 200, ikigusa pande zote nne. Duara ya kwanza ni ndogo mno, kwani kipenyo chake ni kama hatua 115. Atajaribu MBELE 2, naye atakuta imezidi. Ni kati ya 1 na 2, lakini wapi? Wapo watakaobahatisha 1.5, kisha 1.7, kisha 1.8, na kubahatisha huko si dhambi. Atakayemkumbuka pai wa darasani atazidisha 200 kwa 3.14, apate 628, agawanye kwa 360, apate 1.74 na ushei. Mtoto aliyebahatisha kwa muda mrefu ndiye atakayefurahi zaidi kuonyeshwa njia hiyo, kwa sababu anajua imemwokoa na nini.

NYOTA NA WATOTO WASIOPATA UZI

Katika mazoezi yote, la nyota ndilo lenye siri kubwa. Nyota ya pembe tano huchorwa hivi:

RUDIA 5 [MBELE 100 KULIA 144]

Ni wachache wanaouliza 144 imetoka wapi. Jawabu hupatikana uani upesi kuliko kiooni. Watoto watano wasimame katika duara, mmoja ashike ncha ya uzi wa kufumia, kisha kibonge cha uzi kirushwe, si kwa jirani, ila kwa mtoto wa pili kutoka kwa mrushaji, na yeye akirushe kwa wa pili kutoka kwake, hivyo hivyo mpaka kibonge kimrudie wa kwanza. Kila mmoja hushika uzi, na nyota huonekana katikati yao. Kibonge kimeizunguka duara mara mbili, na kobe vilevile hugeuka mizunguko miwili: 720 gawanya kwa 5 ni 144.

Sasa aitwe mtoto wa sita. Wote hutarajia nyota ya pembe sita. Uzi hurushwa kwa wa pili, na wa pili, na mara ya tatu unamrudia aliyeanza. Watoto watatu wamefunga pembetatu, na watatu wengine wamebaki mikono mitupu. Warudie mara kumi, hali ni ile ile. Kiooni nako, 720 gawanya kwa 6 ni 120, na kobe hupita juu ya pembetatu ile ile mara mbili. Nyota ya pembe sita hupatikana kwa pembetatu mbili, kila moja kwa uzi wake, na haichoriki kwa mpigo mmoja wa namna hii.

Kwa nini watano walifaulu na sita wameshindwa? Watoto wapewe muda wa kujaribu: watu saba kwa kuruka wawili, saba kwa kuruka watatu, wanane kwa wawili, wanane kwa watatu, tisa kwa watatu, tisa kwa wanne. Waandike nani alipata uzi na nani alikosa. Baada ya orodha kurefuka, yuko atakayesema kwamba wanane na watatu hufaulu, lakini wanane na wawili hawafaulu, na kwamba namba zinazoshindwa ni zile zinazogawanyika kwa kitu kimoja. Amefikia Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ambayo huandikwa ubaoni, hukokotolewa kwa safu mbili, na husahauliwa siku ya mtihani ikipita. Kigawo hicho kikiwa 1, uzi mmoja huwafikia wote. Kikiwa 2, zahitajiwa nyuzi mbili. Kikiwa 3, tatu.

Mtoto aliyeshika jambo hili aweza kuziagiza nyota zake kwa hesabu. Nyota ya pembe 8 kwa kuruka 3 ni nyuzi 135. Pembe 9 kwa kuruka 4 ni nyuzi 160. Pembe 12 kwa kuruka 5 ni nyuzi 150. Kisha ategewe mtego: pembe 10 kwa kuruka 4. Atahesabu, atapata 144, na hapo asibonyeze kwanza. Aseme atakachokiona.

Kanuni hii ilijulikana kwa mikono ya Waafrika kabla ya kompyuta. Wachokwe, ambao hukaa kaskazini mashariki mwa Angola na katika sehemu za Kongo na Zambia zilizo jirani, wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona. Mchoraji hupiga nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, akizipanga kwa nafasi zilizo sawa, kisha hupitisha kidole kati ya nukta hizo kwa mstari unaopinda na kurudi kila ufikapo ukingoni, huku akisimulia hadithi. Ustadi ulihesabiwa kuwa ni kuuchora mstari bila kusita na bila kuinua kidole. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha Msumbiji tangu mwaka 1976 mpaka alipofariki mwaka 2014, aliichunguza sana michoro hii. Katika ile iliyosukwa kama mkeka, idadi ya mistari inayohitajika ili kuzizunguka nukta zote ni kigawo kikubwa cha shirika cha safu na mistari ya nukta. Safu 5 za nukta 6 hutosheka kwa mstari mmoja. Safu 4 za nukta 6 zadai mistari miwili. Ni ile ile hesabu ya watoto na kibonge cha uzi.

WENYE SHAKA WANA HOJA

Isidhaniwe kwamba kobe ni dawa. Miaka ya 1980, Logo ilipokuwa ikisifiwa kila mahali, Roy Pea na Midian Kurland wa chuo cha Bank Street, New York, waliwachunguza watoto waliokuwa wamejifunza lugha hiyo kwa mwaka wa shule. Walitaka kujua kama watoto hao wamekuwa hodari zaidi wa kupanga kazi nyingine zisizo za kompyuta. Katika taarifa zao za mwaka 1984 walieleza kwamba hawakuwashinda wenzao ambao hawakujifunza. Watetezi wa Logo walijibu kwa ukali, na mjadala ukachukua miaka.

Kwa mzazi, funzo la mabishano hayo ni dogo lakini la kutumika. Watoto walioachwa peke yao na kobe hujifunza kumchezesha kobe, basi. Faida nyingine huletwa na maswali ya mtu aliyeketi karibu, awe mama, kaka au mwalimu, hata kama mtu huyo hajui kompyuta. Swali moja linatosha siku za mwanzo: kabla hujabonyeza, kitatokea nini? Mtoto achore utabiri wake kwa penseli katika daftari, ndipo aendeshe maagizo, kisha autazame utabiri na mchoro pamoja. Daftari la namna hiyo, lenye utabiri uliokosea kwa wingi, lina thamani kuliko kurasa za maua yaliyochapishwa kwa rangi. Dada asiyependa hesabu, ambaye amekwisha kuambiwa na wenzake kwamba hesabu si zake, mara nyingi hukubali kutabiri mchoro, kwa sababu hakuna anayempa alama.

KUHUSU MASHINE

Wenye kompyuta hawahitaji kununua programu. Python hutolewa bure, na kobe wake, aitwaye turtle, huja nayo. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007 kwa watoto, nayo ni ya bure, na mtoto huunganisha vipande vya maagizo badala ya kuyaandika. Aweza kuchagua yaonekane kwa Kiswahili. Katika Scratch kalamu haionekani mwanzoni, hapana budi kuiongeza kutoka katika orodha ya nyongeza, tena lazima iamriwe kushuka, la sivyo mtoto atamwendesha kobe mchana kutwa asione mstari. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba kobe wa Logo huanza akielekea juu, lakini wa Python na mwenzake wa Scratch huanza wakielekea kulia. Mchoro hutokea umelala. Haujaharibika.

Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, ilianza mwaka 2008 kugawa katika shule za msingi kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child, ambao Papert alikuwa mmoja wa waliouwazia. Katika kompyuta hizo mlikuwa na mchoraji wa aina hii, aitwaye Turtle Art. 

ZOEZI LA MWISHO

Limewekwa nyuma kwa sababu halina jawabu fupi. Kobe aamriwe kwenda hatua 5, ageuke kulia nyuzi 90, kisha aende hatua 10, ageuke nyuzi zile zile, kisha 15, kisha 20, akiongeza tano kila mara, kwa kona 60. Hutokea mraba unaojizungusha na kupanuka, kama ukili unaoshonwa kuanzia katikati ya mkeka. Kisha 90 ibadilishwe iwe 91, pasibadilishwe kingine chochote.

Mtoto atabiri kwanza. Wengi husema mchoro hautabadilika, kwa kuwa nyuzi moja ni kidogo mno hata jicho haliioni. Ni kweli katika kona ya kwanza. Lakini kobe hubeba nyuzi hiyo moja kwenda kona ya pili, akaongeza nyingine, na kufikia kona ya 60 ameuzungusha mraba wake nyuzi 60 kutoka pale ulipoanzia. Kona zilizokuwa zimejipanga katika mistari minyoofu sasa zimekuwa mikono minne inayojipinda kama maji yanayoingia tunduni. Kwa nyuzi 89 mikono hiyo hupinda upande wa pili. Iliyobaki ni 121, na 145, na atakayezijaribu ajiulize mapema mikono itakuwa mingapi.